Neno Nililoshindwa Kumwambia Ewoi

Siku ile ya kuniaga, ninyi mliobaki ofisini Kakuma mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kazi ya kutunza mafaili ya wafanyakazi. Nimekaa nyumbani Lodwar wiki sita sasa na nimeshachoka kupumzika, basi naandika. Sitaeleza nilivyopandishwa cheo, kwa sababu ilitokea mara mbili tu, na mara zote mbili nilibaki na kiti kilekile. Nitaeleza kidogo siku zangu za mwanzo, halafu nitawaeleza habari ya mzee Ewoi, ambayo wengi wenu mmeisikia juujuu, kila mmoja kwa namna yake.

Nilianzia hapa hapa Lodwar, msichana wa kupiga taipu. Mashine niliyopewa siku ya kwanza ilikuwa imekatika herufi ya k, na Turkana huwezi kuandika jina la mahali, wala la mtu, ukaenda mbali bila k. Nilikuwa naacha nafasi, halafu jioni napita na kalamu nikizijaza zote, Kakuma, Kalokol, Lokichar. Karani mkuu, Mzee Lokaale, ambaye alivaa tai hata wakati ule wa joto ambapo mbuzi wenyewe wanagombania kivuli, alinitazama wiki nzima nikifanya hivyo bila kusema lolote. Wiki ya pili akaniletea mashine nzuri iliyokuwa kabatini kwake muda wote. Alitaka kuona kama nitaruka hata k moja.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Faili la mtu halitoki kabatini bila kuandikwa limechukuliwa na nani na saa ngapi. Nakala haikai faili moja na barua yenyewe. Na barua ya kumfuta mtu kazi haiandikwi kabla mtu mwenyewe hajasikizwa. "Ukiiandika kwanza," aliniambia, "utamsikiza huku unatafuta pa kumwekea sahihi."

Alipostaafu aliniachia muhuri, kisanduku cha wino na kiti chake, ambacho kilikuwa kimeshachukua umbo la mgongo wake na hakikuwahi kuukubali wangu. Miaka ikapita, ikaja sheria mpya ya kazi. Nilipata kijitabu chake nikakisoma hadi jalada likabanduka. Inasema wazi kwamba ukitaka kumwondoa mtu kwa kosa, hata lile la kumwondoa siku hiyohiyo, sharti kwanza umweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa amekaa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe, na uwasikize wote wawili. Asiporidhika, ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko ofisi ya leba ya serikali. Nawaambia haya mapema ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Nilijua.

Mwaka 2012 nilikuwa Kakuma. Mnakumbuka visima vya mashine ambavyo shirika letu lilikuwa likiendesha, vya wakimbizi na vya wenyeji. Kimoja kilikuwa ng'ambo ya mto Tarach, pale kambi ya wakimbizi inapoishia na manyatta za wenyeji zinaanza, na mwendesha mashine wake alikuwa mzee Ewoi. Alikuwa hapo tangu kabla sijahamia Kakuma. Injini ile aliijua kwa sikio, kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe. Alisema Kiturkana, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno matatu ya kazi, maji, dizeli na kesho.

Mwishoni mwa Oktoba injini ikaungua. Fundi alipofika alikuta rejeta haina tone la maji, mashine imekwama, na Ewoi hayupo. Kwa wiki mbili maji yakaletwa kwa lori, yakawa hayatoshi, na akina mama wakawa wanakuja kupanga mitungi mitupu mbele ya geti letu ili tuione. Nairobi wakamtuma meneja wa wafanyakazi, Bwana Simon. Alishuka na ndege ya asubuhi, na alitakiwa arudi na ya saa saba mchana.

Bwana Simon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ndege ya kuwahi. Nilimwambia kikao kinahitaji mkalimani, na Ewoi aambiwe achague mwenzake wa kukaa naye. Akaniuliza kama mimi si Mturkana. Nikasema ni Mturkana. Basi nikawa mwandishi wa kikao, mkalimani na shahidi, nikikalia kiti kimoja. Shirika lilikuwa na wakalimani wa Kidinka, wa Kinuer, wa Kisomali, wa Kiarabu cha Juba na wa Kifaransa, kwa ajili ya wakimbizi. Wa Kiturkana hakuwepo, maana sisi tuko kwetu. Habari ya mwenzake wa kukaa naye ikapita hivyohivyo, na mimi sikuirudia.

Ewoi aliulizwa kwa nini aliiacha mashine. Akaanza kujibu tangu siku iliyotangulia, mlio aliousikia, namna ulivyobadilika jua lilipopanda. Bwana Simon akatazama saa, akaniambia anataka kujua kitu kimoja tu, aliondoka au hakuondoka. Nikamkatiza mzee nikamuuliza hilo.

"Niliondoka," akasema Ewoi.

Nikaandika. Bwana Simon akasema kwa Kiingereza kwamba kwa kosa la kuacha kazi na kuharibu mali, shirika linamfuta kazi kuanzia saa hiyo. Akaninyooshea mkono nitafsiri. Ewoi akanigeukia. Alikuwa amevaa shati la shirika, amelifunga vifungo mpaka shingoni, na alikuwa rika la baba yangu. Nilimwita apa, yaani baba, kama kila mtu alivyomwita.

"Apa," nikamwambia, "wanasema uende nyumbani kwanza."

Neno la kumfuta mtu kazi lipo katika Kiturkana, msinitafutie kisingizio. Lilikuwa mdomoni. Sikulitoa. Ewoi akaniuliza kama kuna jingine. Nikasema hakuna. Nikampa fomu, yenye ile sentensi iliyochapwa tayari kwamba mfanyakazi ameelezwa kwa lugha anayoielewa, akatia dole gumba, nami nikatia sahihi chini yake. Nikampa bahasha ya barua. Akamshika Bwana Simon mkono, akamshukuru, akatoka. Tukielekea garini Bwana Simon akaniambia mzee amepokea vizuri sana.

Nilijiambia nitaenda kwake wiki ile nikamweleze taratibu. Wiki ile ikawa na ripoti. Iliyofuata mvua ikanyesha, Tarach ikajaa, ng'ambo hakuendeki. Halafu nikasikia amepeleka mbuzi upande wa Kalobeyei kwenye majani, ikawa Krismasi, na mimi nikamshukuru Mungu kanisani kwa mambo mengi bila kulitaja hilo.

Katikati ya Januari askari wa geti akaniambia kuna mzee amekaa chini ya mti wa mathenge nje ya ua siku ya pili, anasema yeye ni wa hapa ila jina lake halimo kwenye orodha. Nikatoka. Alikuwa amevaa shati lile lile, limefuliwa. Tukasalimiana, ejok, ejok, akauliza habari za watoto wangu, kisha akatoa bahasha. Ilikuwa haijafunguliwa. Karatasi zetu za likizo zina nembo ileile juu ya bahasha, na likizo yeye alikuwa amewahi kupewa, basi alidhani hii nayo ni ya likizo.

"Nimepumzika vya kutosha," akasema. "Nimekwenda kwenye mashine nimekuta mtu. Waambie nimerudi."

Nikamwambia angoje niulize. Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kiti mpaka mzee akachoka kungoja akaenda zake. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumficha, na mara ya pili sikuwa hata na ndege ya kuisingizia.

Siku zilizofuata nisingemtakia mtu yeyote. Nilichukua kalenda ya ukutani nikahesabu. Miezi mitatu tangu siku ya kikao ilikuwa inaishia mwanzoni mwa Februari, zimebaki wiki tatu pungufu. Zikipita, ofisi ya leba haitapokea malalamiko yake, na mahakamani Ewoi asingejua hata mlango uko upande gani. Sikuhitaji kusema uongo wowote mwingine. Nilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza nilikuwa hodari. Nilifungua faili lake nikalifunga mara nyingi mpaka kijana wa mapokezi akaniuliza kama limepotea kitu ndani yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebakiza chini ya mwaka mmoja nistaafu. Mwandishi wa kikao aliyetia sahihi jambo la uongo anafutwa kazi bila notisi, na nilijua hivyo kwa kuwa barua za namna hiyo mimi ndiye niliyezipiga. Usiku nililala nikiamka, mchana nilijiambia kesho.

Jumapili moja baada ya ibada nikavuka Tarach, wakati huo mchanga mtupu, nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, mkewe anakamua mbuzi. Sikungoja kukaribishwa, kwa sababu nilijijua, ningepewa chai ningenyamaza tena. Nikamwambia nikiwa nimesimama kwamba siku ile walimfuta kazi, kwamba barua ndiyo inayosema hivyo, na kwamba ya kwenda nyumbani kwanza niliitunga mimi.

"Tangu siku ile?" akauliza.

"Tangu siku ile, apa."

"Na watu wote hawa nimewaambia napumzika."

Mkewe alikuwa ameacha kukamua. Hakuna aliyenifukuza, na ingekuwa nafuu wangenifukuza. Nikamweleza habari ya ofisi ya leba na siku zilizobaki. Akaniuliza nani atamwandikia hayo malalamiko. Nikasema mimi. Akaniuliza je, mimi watanifanya nini. Nikasema sijui, na hapo ndipo nikakaa chini kwenye mchanga, na chai ikaletwa.

Malalamiko aliyapeleka mwenyewe Lodwar, juu ya lori la makaa, zikiwa zimebaki siku nne. Afisa wa leba akaita pande zote mbili. Mimi nilikwenda kwa gari la ofisi, shahidi wa mwajiri, nimekaa nyuma ya Bwana Simon aliyekuwa ameshika ile fomu ndani ya plastiki. Njiani alinieleza nitakachoulizwa na nitakachojibu. Nikageukia dirisha, naye akachukulia nimekubali. Kila tulipopita bango la wagombea, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia, nililisoma lote mpaka chini ili nisifikiri.

Afisa alikuwa mama mmoja wa makamo, si mtu wa Turkana, mwenye feni mezani iliyokuwa ikipuliza karatasi kila ilipogeuka. Alikuwa ameleta mkalimani wake. Hakuanza na injini. Alimuuliza Ewoi aseme siku ile aliambiwa nini.

"Niliambiwa niende nyumbani kwanza," akasema Ewoi. "Nikaenda." Hakunitazama wala hakusema nani aliyemwambia.

Bwana Simon akasema kwa upole kwamba mtu anaweza kusema lolote, lakini karatasi ipo, na akaisogeza mezani. Afisa akaisoma, akaigeuza kwangu.

"Sahihi hii ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Ulimweleza kwa lugha anayoielewa?"

Feni ikaenda upande ule ikarudi.

"Lugha anaielewa," nikasema. "Nilichomwambia ndicho hakikuwa kweli. Mzee huyu hakusikizwa, hakupewa mwenzake wa kukaa naye, na hakuambiwa amefutwa kazi. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri."

Bwana Simon aliirudisha ile plastiki mkobani polepole sana. Kabla ya saa sita pande zote zikaandikiana kwamba barua ya kumfuta imeondolewa, Ewoi anarudi kwenye mashine, na kikao kitafanywa upya kama sheria inavyotaka. Kurudi Kakuma ni mwendo wa saa tatu kwa barabara ile, na hakuna aliyesema neno garini ila dereva, aliyetuonyesha ngamia.

Siku mbili baadaye nikapewa barua yangu, nijieleze ndani ya saa arobaini na nane. Nilizipiga nyingi hizo, najua hata mahali pa koma. Nilikwenda kikaoni na dereva, mwenzangu niliyemchagua, kwa sababu alikuwa na sifa ya kutosema sana. Nilikiri yote. Nilipoulizwa kwa nini nilifanya vile nilitafuta jibu la ofisi nikalikosa, nikasema nilimwonea aibu mzee, nikaogopa uso wake. Wakanitoa nje, nikakaa kwenye benchi la geti saa nzima nikihesabu miaka yangu yote ya kazi na kuona inavyoweza kuishia hapo. Walinipa onyo la mwisho la maandishi na kunizuia kutafsiri tena. Kwenye barua walikosea jina langu, wakaacha k. Nililijaza kwa kalamu, kisha nikatia sahihi.

Kikao cha Ewoi kikafuata mwishoni mwa Aprili. Bwana Simon safari hii alikuja kwa gari, tena jana yake, na hakuvaa saa, au labda niliona hivyo mimi. Mkalimani alikuwa muuguzi wa zahanati yetu, mama wa Kakuma anayejua lugha zote mbili vizuri. Ewoi akaulizwa anamchagua nani akae naye. Nilitaraji amtaje mwendesha mashine mwenzake. Akaninyooshea kidole.

Bwana Simon akauliza, kupitia kwa muuguzi, kama mzee ana hakika, maana huyu ndiye aliyemdanganya.

"Ndiyo," akasema Ewoi. "Huyu ameshanidanganya akaja kuniambia kwa miguu yake. Wengine bado sijui watafanyaje."

Basi nikakaa kando yake, bila kalamu. Na safari hii akaeleza tangu siku iliyotangulia, na hakuna aliyemkatiza. Injini ilibadilika mlio. Akaona rejeta inavuja. Simu hakuwa nayo, akatembea mpaka getini kumwita fundi, askari hakumwelewa, akangoja fundi atoke, na fundi alikuwa mkutanoni. Kitabu cha geti kililetwa, na kweli kuna mstari wa asubuhi ile, mzee mmoja, shida haijulikani. Nilipouona nilitaka kulia. Siku ya kikao cha Novemba mstari ule ulikuwepo mle kitabuni, mwendo wa hatua ishirini kutoka tulipokuwa tumekaa.

Halafu Bwana Simon akamuuliza swali la haki. Kama aliona inavuja, kwa nini hakuizima kabla ya kuondoka?

Ewoi alifikiri. Nilijua jibu linaweza kumwangusha, na nilijua angelitoa hivyohivyo.

"Niliogopa akina mama kwenye foleni," akasema. "Ningezima, wangenipigia kelele. Nikasema nitawahi. Sikuwahi."

Tulitoka nje, tukaitwa tena. Kati ya watu watatu waliokuwa wakiamua, wawili waliona kwamba kuizima ilikuwa kazi yake. Hakutoroka kazini, hilo likafutwa. Lakini injini ilikwisha, na ajira yake itakwisha, kwa notisi ya mwezi mmoja, na cheti cha kueleza kazi aliyofanya na miaka yake, na haki ya kukata rufaa. Mimi mwenyewe ningempa onyo. Hata leo ningempa onyo. Hawakuniuliza.

Muuguzi akafungua mdomo kutafsiri, akamtazama mzee, akasita. Nilimwelewa vizuri kuliko mtu yeyote chumbani mle. Ewoi akanigeukia.

"Wewe niambie," akasema.

Nilikuwa nimekatazwa kutafsiri. Bwana Simon akaashiria kwa kichwa kwamba niendelee.

"Apa," nikasema, na nikamtazama usoni, "wamekufuta kazi. Wanasema ilikupasa uizime. Unaweza kukataa na kukata rufaa, nami nitakuandikia."

Hakukataa. Aliuliza kama ni kuanzia leo. Nikamwambia hapana, ni kuanzia mwisho wa mwezi ujao. Akauliza mpaka siku hiyo nani atakuwa kwenye mashine. Nikamuuliza Bwana Simon, nikamrudishia jibu, kwamba ni yeye.

Ewoi akainama akatazama mlangoni jua lilikofika. Akasimama, akafunga kifungo cha shati cha juu.

"Basi niacheni niende," akasema. "Wamepanga mitungi tangu asubuhi."